Giza Lililobisha Hodi

Tulihitaji machweo.
Dakika tatu tu, mwisho wa onyesho la pili,
pale mfalme anapobaki peke yake na kuvua pete.
Lakini ukumbi wetu wa Chiatura ulikuwa na swichi moja,
nayo maishani mwake ilijua maneno mawili:
waka. Zimika.

Kifaa cha kupunguza mwanga kilikuwapo, Kutaisi, dukani,
kwa bei ya mishahara ya miezi minne,
na miezi minne hiyo hiyo hatukuwa tumelipwa.
Nugzari, fundi wa magari ya kamba
yaliyoganda juu ya bonde tangu mgodi ulale,
alikuna kidevu, akasema:
Nitafutieni pipa. Na chumvi.
Tukadhani ana njaa.

Pipa la udongo tuliliazima kantini ya shule,
bado linanuka siki na matango.
Mabamba ya risasi yalitoka kwenye betri ya lori bovu
(risasi ya fundi, si ya bunduki,
ingawa mwaka ule zote mbili zilipatikana).
Kapi ilitoka kwenye pazia.
Bamba moja tulililaza chini ya maji,
la pili likaning'inia kwa kamba kavu.

"Umeme utavuka maji kwa miguu," alinieleza.
"Safari ikiwa fupi, unafika na nguvu zake.
Vuta bamba juu: safari inarefuka,
umeme unachoka, taa inafifia."
Hiyo ndiyo elimu yote niliyopewa.
Hiyo, na viatu vya mpira vya baba, namba arobaini na tatu,
na onyo: mkono ukigusa maji haya
hutauliza swali la pili.

Jaribio la kwanza, bamba liligusa maji tu
taa ikalipuka nyeupe, machweo hamna.
La pili, Nugzari alimwaga maji, akaweka mapya, matupu:
taa ikakaa kama jicho la mgonjwa, haipandi.
Ndipo Tsiala wa kantini akaja kudai pipa lake.
Alitutazama. Akauliza kama waya umechomolewa.
Nugzari akamwonyesha fyuzi, iko mfukoni.
Basi akakunja mikono ya gauni,
akachota chumvi kwa vidole vitatu, akakoroga kwa mwiko,
akachota tena, kidogo, akasita,
akarudisha chembe mkebeni.
"Ya jibini," alisema, "siku ya kwanza. Si ya pili."
Na taa, baada ya hapo, ilipanda na kushuka
kama kifua cha mtu aliyelala.

Usiku wenyewe watu walikuja na makoti na blanketi.
Otari muuza dawa alikuwa mfalme, taji la bati.
Akakaa. Akavua pete.
Nikavuta kamba, upana wa kidole, nikasubiri,
upana wa kidole.
Maji yalianza kuimba pipani, mvuke ukanipanda usoni,
sikio moja la Otari likapotea, kisha bega,
kisha ikabaki pete tu,
na ndani ya taa uzi mmoja mwekundu.

Hakuna aliyekohoa.
Mjini kwetu giza lilikuwa likija kila usiku
kama shoka, saa mbili, saa tatu, lipendavyo,
likamkuta mtu na kijiko mdomoni,
mtoto nusu ya kuoga.
Hawa walikuwa wamelipa kiingilio, wengine kwa mayai,
kuliona likibisha hodi.
Mwanamke wa safu ya mbele, simjui hadi leo,
alisema polepole, si kwa mfalme:
"Usiharakishe."

Sikuharakisha.

Asubuhi Tsiala alilikataa pipa.
Alisema risasi haisafishiki, humo hakiliwi tena kitu.
Akalibeba hata hivyo,
akaliweka mlangoni kwake, la miavuli.